Swali la Sita

Juu ya duka la fundi cherehani, mjini Khulna,
tumebanana kumi na tisa kwenye mabenchi ya watu kumi,
na Bi Nirupoma Haldar anaandika Kiingereza ubaoni
kwa chaki fupi kama jino la mtoto:

Kwa kuwa kiwanda kilifungwa, Harun alirudi nyumbani.

"Hii changamano. Nipeni ambatano."
Tuhin, mtoto wa mwenye duka la dawa, hajambo kwa haraka:
Kiwanda kilifungwa, kwa hiyo Harun alirudi nyumbani.
"Vema. Sasa sahili. Kitenzi kimoja tu, msinidanganye."

Kimya. Umeme umekatika, feni imening'inia.
Chini cherehani inakwenda, inasita, inakwenda.
Mwishowe anaandika mwenyewe:

Kutokana na kufungwa kwa kiwanda, Harun alirudi nyumbani.

Hajui kwamba Harun ni baba yangu, jina tu ndilo tofauti.

Na mimi natazama kile kitenzi kilivyomezwa.
Hata pale mwanzo hakutajwa mtu,
lakini walau jambo lilitendeka, siku fulani, saa fulani,
kufuli likalia.
Sasa ni kufungwa,
kitu kilichokuwapo tangu zamani, kama kutu.
Nikainua mkono. "Mwalimu, nani alikifunga?"
"Hilo," akasema, akipangusa chaki vidoleni,
"haliulizwi kwenye mtihani."
Tuhin akacheka. Nami nikacheka, kicheko hakilipiwi.

Kwetu, mama husema sahili.
Kula. Mchele umekwisha. Funga dirisha.
Nukta yake unaisikia.
Baba, tangu Julai ile, amebakiwa na vishazi tegemezi:
Kiwanda kitakapofunguliwa...
Kama wangetulipa malimbikizo yetu...
Ingawa nimesokota juti miaka ishirini na miwili...
Hapo huishia, macho ndani ya kikombe,
nasi tunangoja kishazi kikuu
kama abiria wasioambiwa kwamba treni imefutwa.

"Kishazi tegemezi hakisimami peke yake!"
Bi Nirupoma hugonga ubao kwa pete.
Mimi nimekiona kikisimama.
Nimekiona uani kwetu, saa kumi na moja alfajiri, saa ya zamu,
kimevaa lungi ya samawati na fulana yenye nembo ya kiwanda,
kimenyoa ndevu,
hakina pa kwenda.

Usiku, sentensi ishirini za kubadili.
Mdogo wangu Poli ananishikia tochi ya simu,
anasinzia, mwanga unateremka hadi magotini mwangu.
Nimeshajua hila zote. Ingawa huwa lakini, lakini huwa licha ya.
Alikuwa mgonjwa huwa ugonjwa wake.
Waliahidi huwa ahadi.
Unapoteza kitenzi, unapata nomino,
na nomino hazilii, hazidai mshahara.
Alama kumi na mbili ukipatia zote.
Namwamsha Poli: shikilia juu.

Februari, ukumbi wa mtihani, sweta za kuazima.
Swali la sita, kipengele cha mwisho:
Tunga sentensi ambatano yako mwenyewe.
Wengine waliandika mvua na mwavuli, kama tulivyofundishwa.
Mimi niliandika:

Baba alinyamaza, na mama akawasha jiko.

Vishazi viwili, bega kwa bega.
Hakuna kwa sababu ya kumtwika mmoja kosa la mwenzake.
Hakuna anayening'inia.
Nilifikiri kuibadili: mama alipowasha jiko;
kutokana na kunyamaza kwa baba;
kila njia mtu mmoja alikuwa anapungua.
Nikaiacha.
Nikakaa nayo, nikaisoma, nikarudisha koma mahali pake,
mpaka msimamizi akatangaza dakika tano,
na swali la saba sikuligusa.